Mwalimu Loise Mwelu, Aliyewafuata Wazazi Walipo

Ijumaa ya tarehe 31 Julai 2026, siku tutakayofunga muhula wa pili, Mwalimu Loise Mwelu atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, yote katika Shule ya Upili ya Kutwa ya Kwa Kasyoka. Alifika hapa akiwa msichana aliyetoka chuoni juzi tu. Anaondoka akiwa naibu wa mwalimu mkuu, mama wa watoto watatu, nyanya wa wawili, na mtu pekee shuleni anayejua ufunguo wa stoo ya maabara unakaa wapi. Tunamsihi atuonyeshe kabla ya Ijumaa.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Kimanzi wa idara ya Kiswahili, niandike wasifu huu. Nilikubali haraka kwa sababu nilidhani ni kazi rahisi. Nimeketi naye meza moja ya chumba cha walimu kwa miaka mingi, nimekula njugu zake bila kuomba, nimegombana naye kuhusu dirisha, yeye akitaka lifunguliwe na mimi nikitaka lifungwe. Nilipompa rasimu ya kwanza aliisoma yote, akacheka palipochekesha, kisha akanirudishia. Alisema nimeandika mambo mengi mazuri na nimemwacha Kisilu. Kama Kisilu hayumo, basi na yeye asiandikwe. Nilijaribu kumshawishi kwamba sherehe ni sherehe, akanitazama kwa yale macho ambayo wanafunzi wake wa zamani wanayajua. Kwa hiyo Kisilu yumo, na amechukua nafasi kubwa kuliko nilivyopanga.

Shule yetu ilianza kwa mikono ya watu wa hapa. Mama Kasyoka alitoa kipande cha shamba, na majirani wakachimba msingi wa madarasa ya kwanza kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo Wakamba huifanya kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila mtu akija na jembe lake. Mwalimu Loise alipofika mwaka wa 1992 alikuta madarasa manne, ofisi moja na popo wengi juu ya dari ya ofisi hiyo. Alipewa Biolojia na Kilimo.

Mwaka wake wa kwanza alipanda kunde nyuma ya darasa kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa Kilimo. Asubuhi ya mtihani, mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuzimaliza, yamebaki mashimo. Mwalimu hakuahirisha mtihani. Alimwomba jirani alete mbuzi mmoja kati ya waliokula, akafungwa mbele ya darasa, na swali likawa kueleza jinsi mnyama anayecheua anavyosaga chakula. Waliofanya mtihani ule, ambao leo ni watu wazima wenye mvi, wanadai mbuzi alikuwa mpole kuliko mwalimu. Alifundisha pia netiboli kwa muda, ingawa sheria za mchezo alizijua nusu. Timu yake ilifika ngazi ya wilaya mara moja, na hajatusamehe sisi ambao hatukwenda kutazama.

Mwaka wa 2004 alifanywa naibu wa mwalimu mkuu. Asiyeijua kazi hiyo afahamu kwamba naibu ndiye anayepokea kesi zote: aliyechelewa, aliyetoroka, aliyemjibu mwalimu vibaya. Wakati ule dawa ya kesi zote ilikuwa moja. Mwanafunzi aliambiwa achukue mkoba wake, aende alete mzazi, na asionekane tena bila mzazi.

Sasa mzazi huyo wa kuletwa alikuwa wapi? Wengi walikuwa Mlolongo na Mavoko, viwandani na kwenye mijengo, wakirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Watoto walikaa na susu, yaani nyanya, ambaye kilima cha kuja shuleni kilikuwa kimemshinda. Na hata waliokuwa karibu waliiogopa ofisi yetu kama kituo cha polisi, kwa sababu hakuna mzazi aliyewahi kuitwa pale akaambiwa neno zuri. Basi wanafunzi wakajitafutia njia. Wakaanza kukodi wazazi.

Bingwa wa shughuli hiyo alikuwa Mzee Mulwa, fundi wa viatu pale sokoni Kyumbi, chini ya kilima. Alikuwa na koti la kahawia na uso wa huruma, na ujira wake ulikuwa soda na mkate. Kazi yake aliijua. Alivua kofia mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti, na kila alichosema mwalimu alikikubali. Mtoto ni mvivu? Mwalimu amesema kweli. Mtoto ana kiburi? Kweli kabisa, mwalimu. Ofisi ilimpenda sana, kwa maana kesi ilikwisha upesi na mtoto akarudi darasani.

Siku moja Mzee Mulwa aliingia ofisini akiwa mjomba wa Dayib Mire, kijana ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo Machakos mjini na ambaye ukoo wao wote ni Wasomali. Mwalimu Loise akamtazama mzee, akamtazama Dayib. Mzee akaeleza, bila hata kupepesa macho, kwamba upande wa mama kuna Wakamba. Mama yake Dayib, Bi. Sainab, alipoisikia habari hiyo baadaye alicheka hadi akatafuta pa kuketi. Mwalimu Loise naye alicheka, akawapa wote wawili chai, akawaachilia. Kisa hicho kilituchangamsha chumba cha walimu muhula mzima, na hapo kikaishia.

Mwaka wa 2007 wanafunzi wa kidato cha nne walikataa chakula cha mchana. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa na wadudu kwa wiki kadhaa, na siku hiyo sahani zilirudi jikoni zimejaa. Hakuna dirisha lililovunjwa wala jiwe lililorushwa. Lakini bodi ya wakati huo ilikuwa imesikia habari za migomo kwingine na ikaingiwa na hofu. Akatafutwa mtu wa kuwa mfano kwa wengine, akapatikana Kisilu Mumo, kijana mrefu na mpole, aliyekuwa wa kwanza kurudisha sahani kwa sababu alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Baba yake Kisilu alikuwa amefariki. Mama yake, Kaluki, alifanya kazi katika kiwanda huko Mavoko, na kijana aliishi na susu yake karibu na shule. Alipoambiwa alete mzazi mbele ya bodi, hakutaka mama apoteze siku ya kazi wala apatwe na wasiwasi. Akateremka Kyumbi. Aliyeingia naye kwenye kikao alikuwa Mzee Mulwa, safari hii kama baba mdogo.

Mwenyekiti alisoma mashtaka, kisha akamuuliza mzee kama familia ina lolote la kumtetea kijana. Hapa ndipo ustadi wa Mzee Mulwa ulipoleta balaa. Alijua njia moja tu ya kumaliza kesi, naye akaifuata. Akasema mwalimu amesema kweli. Mwenyekiti akauliza kama basi familia inakubali kijana aondoke shuleni. Mzee alidhani wakubwa wanamtisha mtoto tu kama kawaida yao, akakubali na hilo, akashukuru. Kisilu akafukuzwa siku hiyo hiyo, mwaka wa mtihani wake wa mwisho, na katika chumba kile hakuna mtu aliyefungua mdomo kwa ajili yake.

Mwalimu Loise alikuwamo. Alimtambua mzee mara tu alipoingia. Alijiambia kwamba huenda safari hii ni ndugu kweli, maana watu wa huku wameoana sana, na hakuuliza. Sisemi haya kumchongea mtu siku ya sherehe yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka niyaandike hivi hivi, na alisimama nyuma ya kiti changu hadi nilipoyaandika.

Septemba ikafika siku ya maombi ya watahiniwa. Anayezijua shule zetu anaijua siku hiyo. Watahiniwa hupangwa uwanjani kwa mistari, kasisi na wachungaji hutoa baraka, kisha wazazi huinuka na kila mmoja huenda kusimama nyuma ya mtoto wake na kumwekea mkono begani. Mwalimu Loise ndiye aliyeshika kipaza sauti. Aliwaita wazazi, wakaja, mikono ikawekwa mabegani. Mama mmoja akabaki akitembea.

Huyo alikuwa Kaluki. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, amevaa kitambaa kipya kichwani, na mkononi alibeba mfuko wenye shati jeupe na kalamu za mtihani. Alipita mstari wa mbele akitazama nyuso, akapita wa nyuma, akarudi mwanzo. Mara ya kwanza alikuwa anatabasamu, akidhani amemruka mwanawe. Mara ya pili hakutabasamu. Kumbe Kisilu alikuwa amemwambia susu yake kwamba watahiniwa wote sasa wanalala shuleni, susu akamwambia mama, na mama akafurahi kwamba mtoto amepata utulivu wa kusoma. Kasisi alingoja. Uwanja mzima ulingoja, na baadhi yetu tukaanza kutazama chini.

Mwalimu Loise aliweka kipaza sauti mezani, akaenda hadi alipo Kaluki, akamshika mkono. Alimwambia kwa Kikamba, pale pale mbele ya watu, kwamba Kisilu hayupo, kwamba shule ilimfukuza, na kwamba kuna mtu aliyekuja kama baba yake mdogo akakubali. Alimwita mwaitu, mama yetu, ingawa walikuwa wa rika moja. Kaluki hakupiga kelele. Aliuliza swali moja kwa Kiswahili, labda ili wote tulisikie.

"Mtoto yangu nani alimsimamia?"

Mwalimu akamtoa uwanjani. Maombi yaliendelea bila wao. Waliteremka pamoja hadi Kyumbi, wakamkuta Mzee Mulwa akishona soli. Alipoelewa huyu mama ni nani, alivua lile koti akaliweka chini, akalia mbele ya wateja wake. "Mimi nilifikiria wanamwogopesha tu," alisema. "Nilijua nikikubali atarudi class." Ndiye aliyejua Kisilu alikokwenda. Alikuwa Wamunyu, kwenye karakana ya wachonga vinyago, akipiga msasa twiga na vifaru vya kuuziwa wageni.

Kesho yake walikwenda wote watatu. Kisilu hakukimbia. Aliwasikiliza huku mikono ikiendelea na kazi. Usajili wa mtihani ulikuwa umefungwa zamani na hilo halikuweza kutenduliwa, lakini Mwalimu alimwahidi nafasi mwaka uliofuata, akasema atasimama naye mbele ya bodi yeye mwenyewe. Kisilu alimwomba mama yake msamaha kwa uwongo wake wote. Kwa Mwalimu alikuwa na maneno machache.

"Mwalimu, wewe ulijua huyu mzee si wetu. Ungeuliza tu. Mimi huko sirudi."

Na hakurudi. Mwaka uliofuata nafasi yake iliwekwa, naye hakuja, na mwaka wa pili vile vile. Tumewahi kupoteza wanafunzi kwa njia nyingi katika shule hii, kwa maradhi, kwa umaskini, kwa mimba za mapema. Sijaona aliyemuuma Mwalimu Loise kama huyu, na sitajifanya kwamba miaka iliponya kidonda hicho. Ilimfundisha tu kukaa nacho.

Katika mkutano mkuu wa wazazi uliofuata alisimama mbele ya bodi na kijiji kizima, akasimulia kisa chote bila kujipunguzia, akamwomba Kaluki msamaha kwa jina lake. Wapo walioona anajidhalilisha na kuidhalilisha ofisi. Mjumbe mmoja wa bodi alimvuta sketi ili aketi. Hakuketi. Alimaliza kwa kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayetumwa na ofisi yake kwenda kuleta mzazi. Kukiwa na neno la kumwambia mzazi, mwalimu ndiye atakayekwenda.

Chumba cha walimu kiliwaka moto. Tulisema hii ni kazi ya ziada, tukasema jua ni kali, tukataja mbwa. Mbwa tuliwataja sana. Mwalimu mmoja wa Hisabati aliumwa wiki ya kwanza na ikabidi achomwe sindano, basi akawa msemaji wetu. Mwalimu Loise hakubishana na mtu. Jumamosi alichukua jembe, akaenda kwenye mwethya wa akina mama wa Katelembo waliokuwa wakichimba matuta, akachimba nao hadi wakati wa chai. Walipoketi kunywa ndipo alipotoa habari za watoto, mmoja mmoja, na alianza na mazuri.

Hiyo ikawa desturi yake. Hakuzungumzia mtoto wa mtu kabla hajafanya kazi na mtu huyo. Kwa akina baba wanaochimba mchanga mtoni alikwenda na koleo, koleo likamshinda, akapewa kazi ya kuwashika punda. Kwa Bi. Sainab alisimama nyuma ya meza ya nguo mjini asubuhi nzima akiuza madira, na inasemekana aliuza kuliko mwenye duka. Wakati wa janga la korona, shule zilipofungwa, alitembea boma hadi boma akiwa na barakoa na ubao mdogo, akiwafundisha watahiniwa chini ya miti ya wazazi wao huku wazazi wakisikiliza. Baba mmoja alimuuliza maswali mengi kuhusu figo hadi binti yake akamwomba anyamaze.

Polepole wazazi wakaanza kuja bila kuitwa. Akina mama wakaunda zamu ya kuonja chakula cha mchana kabla hakijapakuliwa, na muthokoi wetu leo ni wa kujivunia. Mawe ya maabara mpya yalibebwa kwa mwethya kutoka mtoni, na tangi la maji lililo kando ya jikoni lilijengwa na baba mwashi ambaye mwanawe alikuwa karibu kuacha shule. Walimu tulioogopa mbwa sasa tunawajua mbwa hao kwa majina. Mzee Mulwa naye, hadi alipofariki, kila mwanafunzi aliyemjia analia pale Kyumbi alimpandisha shuleni yeye mwenyewe, akaingia ofisini na kusema wazi kwamba yeye si ndugu, ni fundi wa viatu.

Ni moyo wa Kisilu tu ambao Mwalimu alikuwa hajaufikia. Kila likizo alikwenda Wamunyu. Alipewa kipande cha msasa kama mfanyakazi mwingine yeyote, akaketi kwenye kigogo akafanya kazi. Mezani mwangu nina twiga ambaye masikio yake hayalingani, na hiyo ni kazi ya mikono yake. Walizungumza habari za mvua, za mama Kaluki na mgongo wake, baadaye za harusi ya Kisilu, ambayo Mwalimu alialikwa na akacheza hadi kiatu kikakatika. Kijana akawa fundi mwenye karakana yake. Habari za shule zilipotajwa, alinyamaza. Alipita mbele ya lango letu mara nyingi akienda kumwona mama yake, aliyekuwa amerudi kuishi nyumbani, na hakugeuza shingo. Mwalimu aliniambia zaidi ya mara moja kwamba hatastaafu kwa moyo mwepesi kama Kisilu hatavuka lango lile kwa hiari yake. Nilimwambia anajitesa bure, kwamba mtu mzima mwenye kazi yake na familia yake hana haja nasi. Alinijibu kwamba haja ni yake yeye.

Januari mwaka huu tulipokea wanafunzi wetu wa kwanza wa Gredi ya Kumi. Siku ya kujitambulisha msichana mmoja alisimama akasema anaitwa Kaluki Kisilu, anakaa kwa susu yake hapa karibu, na baba yake ni mchongaji huko Wamunyu. Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mwalimu Loise alitoka darasani kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu, akasema ni vumbi.

Mkutano wa muhula wa kwanza alikuja nyanya mtu, kwa fimbo yake. Baba alituma salamu. Likizo ya Aprili Mwalimu alikwenda Wamunyu kama ilivyo desturi yake, na hakumwomba aje. Alimweleza tu kwamba Juni tungeketi na wazazi kuamua kuhusu masomo ya kila mtoto, kwamba binti yake anapenda sayansi, na kwamba mwalimu wa darasa ana mashaka naye. Mwalimu huyo wa darasa ni mimi.

Mashaka yangu yalikuwa na sababu. Kaluki alichelewa karibu kila asubuhi na Hisabati yake ilikuwa ya kusikitisha. Nilikuwa nimeamua kupendekeza atolewe kwenye masomo ya sayansi. Siku ilipofika na zamu yake ikawadia, niliuliza ni nani anayemsimamia mtoto huyu, huku nikitazama mlangoni nikimtarajia bibi na fimbo yake. Kutoka kiti cha nyuma kabisa akainuka mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye viatu.

"Ni mimi," akasema. "Kisilu Mumo. Mimi ndio baba yake."

Mwalimu Loise alikuwa ameketi kando yangu. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa, nilitoa maelezo yangu kwa ufasaha wote nilionao, nikayamaliza kwa kumuuliza mzazi kama anakubaliana nami. Kisilu alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Hapana, mwalimu. Mimi sikubali. Huyu mtoto anachelewa juu ya kuchotea susu yake maji kabla aje. Hiyo ni makosa yangu, si yake, na nitarekebisha wiki hii. Lakini sayansi msimtoe. Mpeni mpaka mwisho wa mwaka. Mkiona ameshindwa, mniambie mimi, na mimi nitakuja."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Ukweli ni kwamba nilikasirika kidogo, kwa maana nilikuwa na alama zangu mkononi na hoja nyingine ambazo sikuwa nimezitoa. Nilifungua mdomo. Nikahisi mkono wa Mwalimu Loise juu ya mkono wangu, umebana kweli kweli, nikaufunga mdomo. Kaluki amebaki kwenye sayansi. Tangu wiki ile anafika kabla ya kengele. Hisabati bado ni ngumu kwake, lakini juzi alipata swali ambalo wenzake wengi walilikosa.

Kikao kilipokwisha nilitoka nje nikamkuta Mwalimu Loise ameegemea ukuta wa ofisi, analia waziwazi, wanafunzi wakipita na yeye hana habari nao. Nikadhani ameumia. Akanishika bega.

"Kimanzi, umesikia?" akaniambia. "Mtoto amesimamiwa."

Mwalimu Loise, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa Kwa Kasyoka, pokea shukrani zetu. Asante kwa kututoa ofisini. Asante kwa Jumamosi zako zote, ambazo familia yako ilituachia bila kulalamika, na Bwana Mutiso, mumeo, ambaye alikunywa chai peke yake mara nyingi, tunamshukuru pia. Tutakukosa, na kwa upande wangu sioni haya kulisema mara mbili: tutakukosa sana. Mungu akupe afya njema, mvua ya kutosha kwenye shamba lako, wajukuu wenye kelele, na usingizi wa asubuhi ambao kengele yetu haikukuruhusu kuujua.

Ratiba ya Ijumaa ni fupi. Baada ya ibada, mwalimu mkuu atatoa neno la walimu. Kisha, kabla ya msafara wa kukusindikiza nyumbani kuondoka, litafuata neno la wazazi. Wazazi wenyewe walikutana wakachagua msemaji wao, na ni Bwana Kisilu Mumo.